Nguvu, Pumzi na Uzoevu: Uhakiki wa Istilahi za Mazoezi ya Wapanda Milima

Miongoni mwa miswada iliyoletwa katika dawati letu ili ipitiwe kabla ya kupigwa chapa, umo mwongozo mfupi wa mazoezi ya mwili kwa watu wanaojiandaa kupanda milima. Umefasiriwa kutoka Kiingereza, na wasomaji waliokusudiwa ni vijana wa vilabu vya matembezi, walimu wa michezo, na wapagazi wapya wanaotafuta kazi katika Mlima Kilimanjaro. Mfasiri hatumtaji, wala aliyempa kazi hiyo, kwa kuwa makosa tuliyoyaona humo si yake peke yake. Maandishi mengi ya fani hii yana kasoro hizo hizo, na ndiyo maana tumeona inafaa kuyajadili hadharani badala ya kumwandikia yeye barua.

Tukiri kwanza kwamba sarufi ya mswada ni safi. Mwalimu wa lugha angeupa alama nzuri. Taabu yake ni kwamba mtu akiufuata kama ulivyo atafanya mazoezi yasiyomfaa, kisha atakwenda mlimani akiamini mambo mawili yaliyo kinyume cha kweli. Istilahi mbovu katika kitabu cha fasihi huudhi tu; katika mwongozo wa namna hii huumiza magoti, na pengine zaidi ya magoti.

Jalada lenyewe linatangaza mazoezi kwa ajili ya "michezo ya nje". Tulimsomea karani mmoja wa ofisi yetu maneno hayo bila kumwonyesha kitabu, naye akauliza ni michezo ya nchi gani. Hakukosea. Katika Kiswahili cha leo "nje", pasipo kutajwa kitu ambacho mtu yu nje yake, huelekea kuwa ng'ambo. Wako wanaopendekeza "michezo ya nyikani", lakini nyika haimwingizi mwenye ngalawa. Na "uwandani" limekwisha kuchukuliwa na watafiti. Kwa maoni yetu hapa hapahitajiki neno moja la jumla. Mwongozo ni wa kupanda milima, basi na useme hivyo. Na ikibidi kutofautisha, lugha imekwisha kutofautisha: mtu hupanda mlima kwa hatua zake, bali hukwea kwa mikono na miguu, kama mkwezi anavyokwea mnazi. Katika Mlima Kenya kilele cha Lenana, mita 4,985, hupandwa. Batian, mita 5,199, hukwewa kwa kamba. Mazoezi ya hao wawili hayafanani, na mfasiri aliyetumia "kupanda" kwa wote amewapa mazoezi ya vidole watu wasioyahitaji.

Tuingie sasa katika neno nguvu. Mswada unalitumia kwa dhana nne ambazo Kiingereza kimezitenga kwa maneno manne. Ya kwanza ni uwezo wa msuli kushinda uzito mkubwa mara moja. Ya pili ni uwezo wa msuli huo kurudia kazi nyepesi mara nyingi bila kushindwa. Ya tatu ni uwezo wa moyo na mapafu kuuendesha mwili kwa saa nyingi. Ya nne ni uwezo wa kutoa nguvu kwa mshtuko, kama mtu arukapo. Msomaji anaambiwa aongeze nguvu, naye kwa haki kabisa atakwenda kutafuta vyuma vya kunyanyua. Lakini siku ya kufika kilele cha Kilimanjaro watu wengi huanza kutembea karibu na saa sita za usiku, na huenda wakawa njiani kwa saa kumi au zaidi mpaka wafike pa kulala. Huko kunatakiwa zaidi uwezo wa tatu, kisha wa pili. Wa nne tunauacha, kwani mpanda mlima anayeruka ruka amepotea njia.

Walimu wa sayansi walikabiliwa na shida ya namna hii. Wangaliliacha neno nguvu libebe kila kitu, fizikia isingefundishika. Wakatenga kani na nishati, na nguvu ikabaki kwa matumizi yake ya kawaida. Hatuoni kwa nini walimu wa michezo wasifanye vivyo hivyo. Tunashauri nguvu libaki kwa dhana ya kwanza peke yake, na dhana ya pili iitwe ustahimilivu wa misuli.

Ya tatu ina jina tayari, nalo liko viwanjani. Mashabiki wa mpira husema fulani ana pumzi, au pumzi zimemwishia katika kipindi cha pili, na hakuna asiyewaelewa. Hatuna budi kujiuliza kwa nini mfasiri amelikwepa. Pengine aliliona la mitaani mno. Badala yake, pale alipochoka na nguvu, ameandika "stamina", neno linalosikika sana redioni. Sisi hatuyachukii maneno ya kukopa, na tungekuwa wa ajabu kama tungeyachukia, maana lugha hii imekopa tangu enzi na enzi. Lakini stamina kwa wasikilizaji hujumlisha ustahimilivu wa misuli na pumzi pamoja, na hivyo huturudisha palepale tulipokuwa.

Kuna pingamizi moja la haki dhidi ya pumzi, nalo tumelisikia kwa mganga. Yeye hutumia neno hilo kwa hewa ivutwayo na kutolewa, na mlimani kuishiwa pumzi kwaweza kuwa dalili ya maji kujaa mapafuni, jambo linalomtaka mtu ateremshwe mara moja. Mwongozo ukisema kwamba asiye na pumzi aongeze mazoezi, mgonjwa ataambiwa ajikaze. Pingamizi hili lina uzito, ila dawa yake si kulitupa neno. Dalili iandikwe kwa kitenzi: kuhema, au kutweta. Mtu anayetweta mlimani akitembea amechoka. Anayetweta akiwa ameketi ni mgonjwa. Tukitenga hivyo, kuwa na pumzi kutabaki sifa ya mwanamichezo, na mganga naye hatapoteza chake.

Kuhusu pumzi hiyo hiyo, mswada unamtaka msomaji afanye "jaribio la mazungumzo". Tulidhani kwanza ni habari za vyama vya wafanyakazi na waajiri. Kumbe maana yake ni hii: anayejizoeza aende kwa kasi inayomwezesha kusema sentensi nzima bila kukatika, maana akishindwa kusema amezidisha. Kipimo ni kizuri na cha kweli, na nchi yetu inakijua kwa jina jingine. Vijana waliopita Jeshi la Kujenga Taifa tangu lilipoanzishwa mwaka 1963, na watoto wengi waliosoma shule za msingi, wamekimbia mchakamchaka huku wakiimba. Anayeweza kuimba ana pumzi ya akiba. Neno mchakamchaka lingetosha kwa ile "mbio ya polepole ya kujifurahisha" iliyoandikwa katika mswada, na "kasi ya kuimba" ingekuwa kipimo ambacho mwalimu wa kijijini hahitaji kufafanuliwa.

Jeshini ndiko lilikoenea pia neno ukakamavu, ambalo mswada unalitumia kwa ile hali ya mwili kuwa tayari kwa kazi. Hapa hatuafikiani hata sisi wenyewe humu ofisini. Wenzetu wengine wanalitetea kwa sababu linafahamika, lina heshima, na linamweleza mtu aliyesimama imara. Hoja yetu ni ya mzizi. Kukakamaa ni kuwa mgumu, kushupaa. Na mswada huu huu, katika sehemu ya magonjwa, unaonya juu ya "kukakamaa kwa misuli". Msomaji anaambiwa atafute ukakamavu na akimbie kukakamaa. Aidha, mwili ulio tayari kwa mlima hauna budi kuwa na unyumbufu wa nyonga na vifundo vya miguu, na mizani ya kusimama juu ya jiwe moja, na sifa hizo hazimo katika ukakamavu. Kweli, wapagazi wa Kilimanjaro hujiita wagumu. Lakini hilo ni jina la watu wanaovumilia kazi, si maelezo ya viungo vyao. Sisi tungeridhika na utimamu wa mwili, neno lenye maana ya ukamilifu, na ukakamavu libaki kwa askari na moyo wake.

Yako makosa madogo ambayo hatutakaa nayo sana. Sehemu ya mwili iliyo kati ya mabega na nyonga, inayomshikilia mpagazi chini ya mzigo, imeitwa "kiini cha mwili". Yai lina kiini. Mtu ana kiwiliwili. Zoezi la kujiinua juu ya vigasha na vidole vya miguu limeitwa "ubao", na tunaogopa wako watakaokwenda kuutafuta kwa seremala. Kujikaza kifudifudi kungetosha. Kuchuchumaa kumepewa maneno matano yasiyo na haja, ilhali kuchuchumaa ni kuchuchumaa, na kila mwanafunzi aliyewahi kuadhibiwa kwa kichurachura anajua jinsi mapaja yanavyowaka moto. Mfasiri pia ameandika "seti tatu za marudio kumi". Seti kwa watu wengi ni ya vyombo, na marudio yanakumbusha mechi iliyoahirishwa. Kiswahili husema mtu amefanya jambo kwa mkupuo mmoja. Basi, mikupuo mitatu, kila mkupuo mara kumi, na baina ya mkupuo na mkupuo apumzike.

Twaja sasa kwa jambo zito. Kiingereza kina neno moja kwa mazoezi anayofanya mtu ili autayarishe mwili, na neno jingine kabisa kwa ile hali ya mwili kujirekebisha wenyewe ukiwa mahali penye hewa haba. Mfasiri ameyaita ya kwanza mazoezi, na ile ya pili "mazoezi ya hewa nyembamba". Kwa upande wa sarufi hana kosa: zoezi latokana na zoea, na kuzoea hewa ni kuzoea. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu undugu wa maneno umefanya vitu viwili vionekane kimoja. Mazoezi mtu huyafanya kwa hiari yake, nyumbani, kwa majuma kadhaa kabla ya safari. Kuzoea hewa ya juu hakufanywi. Huupata mwili kwa kukaa huko juu na kulala huko. Katika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mwili hujibu kwa kupumua zaidi, figo nazo hurekebisha damu, na kazi hiyo huchukua siku. Hakuna kamba ya kuruka wala ngazi ya ghorofa Dar es Salaam inayoweza kuileta.

Mswada unamwambia msomaji akamilishe mazoezi yote, ya miguu na ya hewa, kabla hajafika langoni. Katika Kiingereza maelezo yalikuwa mawili, kila moja na mahali pake. Katika Kiswahili yamekuwa agizo moja lisilotekelezeka. Msomaji mtiifu atapanda na kushuka ngazi miezi miwili, ataona pumzi imeongezeka, na atakata shauri kwamba amekwisha kuizoea hewa ya mlimani. Naye yu katika hatari kuliko mtu mnyonge, kwa sababu utimamu wa mwili haumkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko, na mwenye miguu mizuri huenda haraka zaidi.

Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba mtu akipita mita 3,000, asipandishe mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne akae siku moja bila kupanda pa kulala. Tazama njia ya Marangu: Mandara iko karibu na mita 2,700, Horombo karibu na mita 3,700, Kibo karibu na mita 4,700. Kila kituo kinampandisha mtu mita elfu moja. Ndiyo sababu wengi hushauriwa kulala Horombo siku mbili, na ndiyo sababu neno "polepole" limekuwa wimbo wa waongozaji. Mtu aliyeamini kwamba mazoezi ya hewa ameyamaliza nyumbani ataiona siku hiyo ya pili kuwa hasara ya fedha.

Tunapendekeza, na hapa hatuna wasiwasi, kwamba neno mazoezi lisitumike kamwe kwa dhana ya pili. Kitenzi kiwe kuzoea mwinuko. Na nomino, panapolazimu, iwe uzoevu wa mwinuko. Tumelikataa neno mazoea, ingawa ni la karibu, kwa sababu limekwisha kuchafuka: kuna mazoea mabaya, na kuna mtu anayeleta mazoea kwa wakubwa wake. Tumechagua mwinuko badala ya kimo kwa kuwa kimo ni cha mtu au cha mti. Zaidi ya istilahi, mfasiri ahakikishe kwamba kila palipo na uzoevu wa mwinuko pana kitenzi kulala karibu yake. Neno jipya likikaa peke yake katika sentensi msomaji hulijaza kwa maana anayoijua.

Jambo la pili la hatari li katika kushuka. Mswada unajua vitendo viwili tu vya msuli: kukaza na kulegeza. Elimu ya mwili inajua namna tatu za msuli kufanya kazi. Mtu apandapo kigoda, msuli wa mbele ya paja hufupika huku ukimwinua. Akisimama amechuchumaa bila kusogea, msuli hubaki na urefu ule ule. Akishuka, msuli hurefuka huku ukiuzuia mwili usiporomoke. Hii ya tatu ndiyo iliyofasiriwa "kulegeza msuli". Kwa hiyo msomaji ameagizwa ashuke kigoda huku akiulegeza msuli wa paja. Na akifanya hivyo kweli, uzito wote utatua juu ya goti, au ataanguka. Kurefuka na kulegea si kitu kimoja. Kamba inayoshusha ndoo kisimani hurefuka mkononi mwa mtekaji, na kama angeilegeza tungeisikia ndoo ikipiga maji.

Jambo hili si la pembeni katika fani hii, bali ndiyo nusu ya safari iliyosahauliwa. Apitaye njia ya Marangu, siku ya kilele hupanda takriban mita 1,200 kutoka Kibo, na siku hiyo hiyo hushuka takriban mita 2,200 mpaka Horombo. Kushuka ni karibu mara mbili ya kupanda. Kazi ya msuli unaorefuka huku umebeba uzito ndiyo iletayo maumivu makali, ambayo huzidi siku ya pili au ya tatu, yaani wakati mtu bado yuko njiani akielekea langoni, au, kwa mpagazi, wakati anapotafuta mzigo mwingine. Na mzigo huo waruhusiwa kufika kilo 20. Lakini kazi hiyo hiyo, ikifanywa kidogo kidogo majuma kadhaa kabla, huukinga msuli. Kushuka kigoda polepole kwa hesabu ya nne, mikupuo michache, ni zoezi lisilohitaji fedha wala jimu. Mswada unalo zoezi hilo. Limeharibiwa na neno moja.

Kwa matumizi ya kitaalamu tunashauri mkazo wa kufupika, mkazo wa kurefuka na mkazo tuli. Tuli imekwisha kuzoeleka katika umeme tuli. Mkazo nalo hutumiwa na wanaisimu kwa silabi, ila hatudhani kwamba mwanaisimu na mwalimu wa michezo watakanyagana. Maneno haya yatafaa vyuo vya ualimu na mihtasari ya masomo. Hayatamfaa mwongozaji anayempigia kelele mgeni kwenye mteremko wa changarawe. Yeye anahitaji kitenzi kifupi. Tumefikiria kuzuia, tumefikiria kuhimili. Dereva mmoja alitueleza kwamba katika mteremko wa Kitonga lori halishushwi kwa breki peke yake bali kwa gia ndogo, injini ikilishikilia. Nasi tukaona hakuna picha iliyo sahihi zaidi ya kazi ya paja. Hata hivyo tunasita kuliingiza neno la gari katika mwili wa mtu ikiwa lipo la mwili lenyewe.

Tunaamini lipo. Watu waliobeba mizigo katika mlima ule kwa zaidi ya miaka mia moja hawawezi kuwa hawana neno la kumwonya mwenzao asiyejizuia mteremkoni. Wasomaji wetu walioko Marangu, Machame na Mweka, na kwa upande wa Mlima Kenya walioko Naro Moru na Chogoria, tunawaomba wawaulize wapagazi wazee na watuandikie, hata kama neno lenyewe ni la Kichaga au la Kikikuyu. Walimu wa michezo nao watueleze wanalosema kwa wanafunzi wanaoshuka ngazi kwa vishindo. Kwa sasa tumemrudishia mfasiri mswada wake na kumtaka aandike "shuka huku ukijizuia", na afute "kulegeza" katika kila ukurasa unaohusu kushuka.